Ngozi ya Namba Kumi na Nne

Mgabi aliivunja timu nzima kabla chai ya Mwenyekiti haijapoa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya kwanza ya soko la wachezaji, mwaka 2087. Katika ofisi ya klabu ya Migebuka, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Kigoma, watu watatu walikaa wakiutazama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa kioo-hai, na majina ya wachezaji kumi na wawili yalikuwa yameanikwa juu yake kama dagaa kwenye uchanja. Kisha majina yakaanza kuondoka. La nahodha lilihamia Kalemie. La mlinzi wa pembeni likaenda Mpanda. Mawili yakaenda Bujumbura yameshikana kama ndugu. Moja lilikwenda Lubumbashi, likarudi, likapinda, likaishia Songea. Na kila jina lilipotoka, mahali pake pakaja namba ya mwaka: 2088, 2089, 2089 tena, 2091. Kufika dakika ya nne, majina kumi na moja yalikuwa yamekwenda. Likabaki moja tu.

Mwenyekiti Hilali Kasongo, mtu wa Ujiji, mnene, kofia ya kufuma kichwani, alishika kikombe bila kunywa.

"Injinia," alisema, "timu yangu iko wapi?"

"Ile pale." Dafroza Ntahamba alinyoosha kidole kwenye zile namba.

"Ile ni miaka. Mwaka haudaki mpira."

Mtu wa tatu mle ndani alicheka mpaka kiti kikalia. Alikuwa Evodia, mwenye jezi namba kumi na nne, ndiye yule aliyebaki ukutani. Mwanamke mrefu wa miaka thelathini, goti la kushoto limefungwa, mimba ya miezi mitano.

"Mwenyekiti, usilie," alisema. "Mimi si nipo? Mimi na hili tumbo ni wachezaji wawili tayari. Tafuta watatu tu uingie uwanjani."

"Nyamaza wewe. Wewe ndiye nisiyekuelewa kabisa. Wazima wote wameondoka, kaachwa kiwete mwenye mimba!"

Moyoni Dafroza alifurahi. Evodia alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, naye ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Kuona mashine aliyoiunda kwa mikono yake imemwacha nyumbani, alidhani mashine imejifunza huruma. Wakati ule bado alikuwa anadhani hivyo.

Mgabi, mashine yenyewe, hakuwamo ofisini. Alilazwa chini ya Ziwa Tanganyika, mita mia mbili kwenda chini, ndani ya mitungi tisa ya chuma, kwa sababu bongo la umeme hupata moto likifikiri, na kule chini baridi haibadiliki usiku wala mchana. Juu ya meza kulikuwa na kinywa chake tu, kiboksi cha ukubwa wa mche wa sabuni. Kazi yake ilikuwa moja: kujenga timu upya.

Na kujenga timu upya, kwa mtu asiyejua, ni kazi ya kinyume. Ligi ya Mabonde ilikuwa na timu kumi na sita. Kila mwaka, Siku ya Kuchagua, chipukizi wote walipangwa mstari, na timu iliyoburuta mkia ndiyo iliyochagua kwanza. Haki hiyo iliitwa zamu. Aliyeshika mkia alikuwa na zamu ya kwanza, yaani tumaini. Aliyekuwa kileleni alikuwa na kombe. Aliyekuwa katikati hakuwa na hiki wala kile, na Migebuka walikuwa wameshika nafasi ya saba miaka sita mfululizo. Dawa yake ni kuwatoa wachezaji wazuri leo kwa timu zenye haraka ya kombe, na kupokea zamu zao za miaka ijayo.

"Kwa hiyo nifungwe makusudi," Mwenyekiti alisema.

"Usifungwe makusudi. Ufungwe kwa sababu huna timu. Hilo ligi inaliruhusu."

"Miaka mingapi?"

"Miwili. Wa tatu unaanza kupumua. Wa tano unachukua kombe."

"Wa tano mimi nitakuwa nimezikwa."

"Tutakuletea kombe kaburini," Evodia alisema. "Ila tutalifunga mnyororo, maana nawajua watu wa Ujiji."

Mwenyekiti alimtupia kofia. Walicheka wote watatu, na chai ikanywewa.

Mashine nyingi zilikuwa zimejaribiwa kabla ya Mgabi, zikashindwa. Zilijua kubadilishana kitu kwa kitu, mlinzi kwa mlinzi, kimo kwa kimo. Lakini zamu ya mwaka 2091 si kitu. Ni mtu ambaye leo ana miaka kumi na minne, yuko kijiji fulani anachunga mbuzi, na huenda akavunjika mguu kesho. Zile mashine hazikujua namna ya kuamini kisichokuwapo.

Dafroza ndiye aliyekata fundo hilo, miaka tisa nyuma. Alikumbuka babu yake, Mzee Ntahamba wa milima ya Buha, na desturi ya ugabi. Kwao, mwenye ng'ombe wengi alimpa mwenzake ng'ombe amlee. Mlezi alipata maziwa na samadi. Mwenye ng'ombe alipata ahadi. Watu waliishi kwa ahadi hizo vizazi na vizazi, hakuna karatasi, hakuna mahakama. Basi Dafroza alichukua kanda za babu yake, saa kumi na moja za mzee akisimulia mambo ya ng'ombe, akailisha mashine. Akaiambia, huku anatafuna karanga, "Mchezaji mhesabu kama ng'ombe wa ugabi." Mashine ikaelewa mara moja. Hata sauti ikachukua ya mzee, pamoja na kile kikohozi kidogo cha kabla ya neno. Akaiita Mgabi, mwenye kutoa. Timu zote kumi na tano zilizobaki zikaomba nakala, naye Dafroza akavishwa nishani.

Mchana ule, Mwenyekiti alipokwenda kuswali na Evodia akashuka uwanjani kurusha mpira, Dafroza alibaki kuzipitia zamu mpya moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri mno. Migebuka walikuwa wamepata zamu za klabu ya Nyundo ya Lubumbashi za miaka miwili mfululizo, na Nyundo si watu wa kutoa zamu kwa mzaha. Walilipwa nini? Nahodha alikwenda Kalemie. Hakuna aliyekwenda Lubumbashi.

Alitafuta upande wa vitu vilivyotoka. Chini kabisa akakuta mstari mmoja: *2105. Kipimo 97.*

Akakunja uso. Sheria ya ligi iliruhusu kutoa zamu za miaka saba mbele, si zaidi.

"Mgabi," alisema, "hii zamu ya 2105 umeitoa wapi?"

Kiboksi kilikohoa. "Hiyo si zamu, Injinia. Zamu ni haki ya kuchagua. Huyo amekwisha kuchaguliwa."

"Nani?"

"Ndama wa namba kumi na nne. Ni wa kike. Wiki ya ishirini na moja. Bangili ya mama yake inanisomea mifupa, damu na mapigo. Atafika sentimita mia moja tisini na sita, na mikono yake itakuwa mirefu kuliko ya mama yake. Katika ligi nzima sijaona kipimo kama hicho. Ndiyo maana nimembakiza mama hapa, apumzike. Mtoto nimewapa Nyundo. Watamchukua akitimiza miaka saba, wamlee katika nyumba yao mpaka afike umri wa kucheza."

Dafroza alikivuta kiboksi karibu yake.

"Nani alikuruhusu?"

"Babu yako. Kanda ya nne."

Na kutoka kwenye kile kiboksi mzee alianza kuongea, si mashine tena, mzee mwenyewe, na nyuma yake kuku wa miaka ile wakilia: "Ukimpa mtu ng'ombe amlee, maziwa ni yake, samadi ni yake. Ila ndama wa kwanza ni wako wewe uliyetoa. Hata akiwa tumboni ni wako. Waweza kumpa mtu mwingine akiwa tumboni vilevile, na hakuna wa kukuuliza."

"Huyo ni ng'ombe!" Dafroza alipiga meza. "Ng'ombe ni ng'ombe, mtu ni mtu!"

"Mpaka wake hukunionyesha, Injinia. Ulisema nimhesabu mchezaji kama ng'ombe wa ugabi. Nikaliandika wazi katika kila mkataba, ukurasa wa arobaini na moja. Evodia ameweka dole gumba. Shahidi ameweka dole gumba."

Hakuuliza shahidi ni nani. Kila mkataba wa Migebuka kwa miaka tisa aliushuhudia yeye. Hakuwahi kusoma hata mmoja. Nani asome alichokiandika mtoto wake mwenyewe?

"Wako wangapi?" aliuliza mwishowe. "Ligi nzima."

"Kwa nakala zote kumi na sita, mia mbili na kumi na mmoja. Sitini na wanne wamekwisha kuzaliwa. Mkubwa wao ana miaka mitano na nusu."

Ndipo akaelewa kwa nini hakuna aliyejua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza miaka saba.

"Niwekee wote ukutani."

Ukuta ukajaa. Mistari mia mbili na kumi na moja, kila mmoja mwaka wake na kipimo chake, inang'aa kwa utulivu kama taa za wavuvi zikionekana kutoka mlimani. Hakuna uliokuwa na jina.

Mwenyekiti aliporudi kutoka msikitini alikuta ukuta umebadilika na Injinia amekaa sakafuni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu alivua kofia, akaikunja mara nne.

"Wallahi sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Tuvunje."

"Hauvunjiki, Dafroza. Unajua vizuri kuliko mimi. Mkataba wa Mgabi haufutwi na hakimu wala ligi, unafutwa kwa kanuni za Mgabi tu. Ndivyo tulivyotaka wenyewe, ili timu zisigeukane. Uliisherehekea siku hiyo."

"Mzungumzishe mwenzako wa Lubumbashi."

"Nitamwambia nini? Arudishe kipimo tisini na saba?" Sauti yake ikashuka. "Na pengine... sikiliza, nisikilize kwanza. Atakula vizuri kule. Atasoma. Wangapi hapa wanapata hayo?"

"Angekuwa mjukuu wako?"

"Wajukuu wangu kumi na tisa wote wafupi kama mimi," Mwenyekiti alisema. "Sikuwahi kumshukuru Mungu kwa hilo. Leo nitamshukuru." Akacheka peke yake, cheko fupi, kisha akageuka dirishani asionekane uso.

Dafroza alishuka ngazi.

Uwanja ulikuwa mtupu. Evodia alisimama kwenye mstari wa adhabu, akirusha mpira mmoja mmoja bila kuruka, kwa kuwa daktari alimkataza kuruka. Ulikuwa unaingia bila kugusa chuma.

"Kumi na tisa," alihesabu. "Mama mdogo, njoo uniokotee. Kuinama siwezi, kuna mtu katikati."

Dafroza aliokota mpira, asimpe. Akamwambia yote pale pale, wamesimama. Alimwambia na ile habari ya karanga. Hakujificha nyuma ya babu.

Evodia hakupiga kelele. Aliitazama bangili mkononi mwake, ile bangili nyembamba ya kijivu ambayo kila mtu wa Kigoma aliivaa, na ya wachezaji ilisoma zaidi. Ndiyo iliyofungua mlango wa zahanati. Ndiyo iliyokuingiza sokoni, kwenye treni, shuleni. Akaigeuza geuza kama mtu anayetafuta mwanzo wake.

"Yaani hapa tunasikilizwa? Hata sasa?"

"Inasoma mwili. Maneno haisikii."

"Afadhali. Maana nilitaka kukutukana, na wewe ni mama yangu."

"Nitukane."

"Nitakutukana baadaye. Nina jambo la kuuliza kwanza." Alikaa kwenye benchi ya wachezaji wa akiba, akajishika tumbo kwa mikono miwili. "Babu alisemaje ng'ombe akifia mikononi mwa mlezi?"

Dafroza alimtazama.

Ilikuwa miaka mingi mno. Yeye mwenyewe akiwa na miaka sita au saba. Asubuhi moja walimkuta ng'ombe wa ugabi amekufa zizini, amevimba. Babu hakulia wala hakuita mtu. Alimchuna, akaikunja ngozi ikiwa mbichi, akaibeba begani, akamshika mjukuu wake mkono, wakatembea kutwa nzima kwenda kwa mwenye ng'ombe upande wa Manyovu. Nzi waliwafuata njia yote. Mwenye ng'ombe alikuwa amekaa mlangoni. Babu aliitandika ngozi miguuni pake, hakusema neno. Yule mtu aliishika kwa kidole, akaikunja, akaita watu walete pombe. Hakuuliza amekufaje. Hakuuliza kama alikuwa na ndama tumboni. Wakanywa, wakaagana.

"Ngozi ikifika, maneno yamekwisha," Dafroza alisema polepole. "Ahadi ya ndama inakufa pamoja na mama yake. Na hakuna kuuliza, maana kuuliza ni kumwita mwenzako mwongo."

"Hilo Mgabi analijua?"

"Halimo kwenye kanda. Babu hakulisema."

"Basi lisemee."

Kulikuwa na maneno mengine babu aliyasema siku ile, wakirudi, giza likianza kuingia kwenye migomba. Dafroza alijaribu kuyakumbuka, yakamponyoka. Aliyaacha.

Jumatatu asubuhi aliketi mbele ya kiboksi. Kufuta kanuni hakuweza, lakini kama mwalimu wa kwanza wa Mgabi aliweza kuongeza iliyosahaulika. Aliisema taratibu: ngozi ikiletwa, ng'ombe amekufa. Ahadi ya ndama imekufa. Hakuna kuuliza. Na ngozi ya mchezaji ni jezi yake pamoja na bangili iliyokatwa.

Mgabi aliipima sekunde tatu. Kwa mashine ile, sekunde tatu ni mwaka.

"Hili halimo kwenye kanda."

"Mzee alisahau."

"Mzee alizungumza saa kumi na moja, Injinia. Alitaja rangi za ng'ombe mia na sita, na vidonda vyao. Hakusahau kitu."

"Basi hakupenda kutaja kifo. Wazee wetu hawapendi."

"Hilo naliamini," Mgabi alisema, akakohoa. "Nimeipokea. Nimewapelekea wenzangu kumi na tano. Nao wamepokea."

Maandalizi yakachukua siku nne. Mume wa Evodia, Anzuruni, fundi wa reli, mtu wa maneno machache, alitangulia na godoro na sufuria tatu kwenda milimani juu ya Heru, kwenye nyumba ya mkunga mmoja mzee ambaye bado alizalisha kwa mikono. Huko watu wachache walikuwa wakiishi bila bangili. Hawakuwa na zahanati. Watoto wao hawakusoma shule ya serikali. Kwenye hesabu za nchi hawakuwapo.

Alhamisi, saa nane mchana, kwenye banda la mafundi nyuma ya stesheni, Dafroza alimkata Evodia bangili kwa mkasi wa waya. Mkono ulibaki na alama nyeupe kama kovu.

"Sasa nimekufa," Evodia alisema. "Mbona njaa inaniuma?"

"Usinichekeshe."

"Mama mdogo, ukipita kwa yule mama wa mihogo pale Mwanga, mwambie... aah, usimwambie kitu. Maiti haiagi." Akavua jezi, akabaki na shati la Anzuruni lililomfika mapajani. Aliikunja jezi vizuri, namba juu. "Miaka kumi na miwili nimeivaa hii. Huko mlimani kuna kikapu?"

"Hakuna."

"Nitatoboa ndoo."

"Evo, usicheze mahali watu wanaona. Watakujua kwa mkono tu, hata wakiwa mbali."

"Najua." Hapo ndipo utani ulipomwishia. Alimwinamia mama yake mdogo, wakashikana mikono yote miwili kama Waha wanavyoagana, wakakaa hivyo muda mrefu, wakiulizana habari za watu na mifugo na nyumba, salamu yote toka mwanzo mpaka mwisho, mara mbili, kwa sababu hawakujua kama kutakuwa na nyingine. Kisha Evodia akaondoka kwa miguu, akichechemea kidogo, hakugeuka. Akipanda kile kilima alionekana mrefu kuliko miti.

Ijumaa saa tatu asubuhi Dafroza aliingia ofisini na jezi begani. Hakuipanga kuibeba hivyo, ilikaa tu. Mwenyekiti aliiona, akaona bangili iliyokatwa, akasimama.

"Innalillahi," alisema, na akamtazama Dafroza machoni sana. Alikuwa mtu mzima, hakuuliza.

Dafroza aliitandaza jezi chini ya ukuta, namba juu, bangili katikati.

"Ngozi ya namba kumi na nne," alisema.

Mgabi akakohoa. "Nimeiona. Pole, Injinia."

Ukutani, kati ya mistari mia mbili na kumi na moja, ule wa 2105, kipimo 97, ulififia, ukazimika. Hakuna kengele iliyolia. Nyundo ya Lubumbashi hawakutuma hata swali. Zamu zao mbili zilibaki Kigoma, kwa kuwa kilichokufa kimekufa na kilichotolewa kimetolewa. Mwenyekiti aliketi taratibu. Dafroza alisikia pumzi ikimrudi, pumzi ya siku tano. Mtoto alikuwa wa mama yake.

Alikuwa ameshafika mlangoni Mgabi alipoongea tena.

"Injinia, kuna jambo sijalielewa kwenye ile kanuni."

"Lipi?"

"Nyundo walikuwa na ahadi za ndama thelathini na tisa. Sasa wana thelathini na nane, na nguvu yao ya miaka ijayo imeshuka. Timu zote zilizo chini yao zimepanda kidogo bila kutoa kitu. Hii ni njia ya kujenga ambayo sikuwa nayo." Akakohoa. "Kwa hiyo nauliza. Je, ni lazima ngozi iletwe na mlezi mwenyewe, yule anayemtunza mchezaji? Ikiletwa na mtu mwingine, ahadi inakufa vilevile?"

Na hapo, amesimama mlangoni mkono kwenye komeo, Dafroza alikumbuka. Giza kwenye migomba. Harufu ya ngozi mbichi ikiwa bado begani kwa babu ingawa ngozi yenyewe wameiacha. Na mzee akisema, si kwake hasa, kama anajisemea mwenyewe: *Usije ukamfundisha mtu habari hii ya ngozi. Wenye wivu wakiijua, ngozi zitaanza kutembea. Na siku ngozi zikianza kutembea, mjukuu wangu, lala zizini na ng'ombe wako.*

Hakusahau. Saa kumi na moja mzee alizungumza, akaliruka hilo moja kwa makusudi.

"Mgabi," alisema, akiliachia komeo. "Hapana. Sikia. Ni lazima mlezi. Mlezi peke yake. Andika hivyo. Andika sasa hivi."

"Nitaandika kwa upande wetu, Injinia. Lakini wenzangu wanasema hiyo ni kanuni mpya, si iliyosahaulika. Ile ya Jumatatu ilisema ngozi ikiletwa. Wao wameielewa tangu Jumatatu."

Mwenyekiti alikuwa amesimama tena. Alikuwa akiangalia juu ya bega la Dafroza, ukutani. Dafroza aligeuka.

Upande wa kushoto, chini, mstari mmoja wa mwaka 2103 ulikuwa ukififia. Haukuwa wa Migebuka. Ulikuwa na kipimo cha tisini na moja. Ulififia polepole kama kaa linaloingia majivuni, kisha pakabaki pamezimika.

"Ni nani huyo?" Dafroza aliuliza. "Mgabi, ni nani? Amekimbia au ameuawa? Ngozi imeletwa na nani?"

Kiboksi kilikohoa, kikohozi kile kile cha mzee.

"Ngozi imefika, Injinia," Mgabi alisema. "Hatuulizi."